Je, wajua? Kwa nini jino lililong'oka huwekwa kwenye maziwa na si kwenye maji

Mtoto wa miaka minane anateleza kwenye mkorosho huko Tandahimba, anaangukia mdomo, jino la mbele linabaki mchangani. Wakubwa wanaliokota, wanalisugua bombani mpaka linang'aa, wanalifunga kwenye leso. Nia ni njema, ila wameshaliua.

Kinachotakiwa kuokolewa ni utando mwembamba wa nyuzi hai uliobaki kwenye mzizi. Nusu yake nyingine iko kwenye tundu la ufizi. Jino likirudishwa utando ukiwa hai, nyuzi hushikana upya. Kuusugua ni kuubandua. Ukikauka kwa saa nzima, seli zake karibu zote zimekufa, na taratibu mfupa wa taya huula mzizi. Maji matupu nayo hayafai kulihifadhia: hayana chumvi ya kutosha, hivyo huingia ndani ya seli, zikavimba na kupasuka. Maziwa yana chumvi inayokaribiana na ya mwili, na hayana ukali. Kusini ng'ombe ni wachache, lakini maziwa ya pakiti ya dukani yanatosha. Mtindi hapana, una asidi.

Hata hivyo, hakuna chombo kinachoshinda tundu lenyewe. Shika jino upande wa kung'atia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze sekunde chache tu, hapo hata maji ya bomba sawa, kisha lisukume mahali pake, uso wake ukitazama mbele. Mtoto ang'ate kitambaa safi, mwende. Mkono ukisita, litie kwenye maziwa. Yakikosekana, mtoto ateme mate kikombeni, jino likae humo. Kutoka Tandahimba hadi hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, saa hiyo moja huishia njiani, kwa hiyo uamuzi ni wa pale pale chini ya mkorosho.

Jino la utoto usilirudishe kamwe, utaumiza la ukubwani linalosubiri chini yake. La ukubwani ni pana, na likiwa jipya ncha yake ina vimeno kama msumeno. Na mtoto aliyezimia au anayetapika, kichwa kwanza, jino baadaye.

Daktari atalifunga na meno jirani kwa waya mwembamba, kwa kawaida wiki mbili, na kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Mzizi ambao haujakomaa unaweza kupata damu upya. Uliokomaa husafishwa ndani na kuzibwa.