Vita vikipiganwa, wote tunyamaze?

Dhana: Anayeikosoa serikali vitani anamsaidia adui.

Anayetangaza meli ya askari inang'oa nanga lini, huyo sawa, azuiwe. Ila siri ni kitu kimoja na lawama ni kingine. Mei 1940 wabunge wa Uingereza, wakiwemo wa chama tawala, walimsulubu waziri mkuu wao, Neville Chamberlain, siku mbili mfululizo kwa mambo kwenda kombo Norway. Alishinda kura, 281 kwa 200, lakini pengo lilikuwa dogo kiasi cha kumng'oa. Akaingia Winston Churchill. Naye Julai 1942, baada ya mji wa Tobruk, Libya, kuanguka mwezi Juni, alipigiwa kura ya kutokuwa na imani. 25 walimkataa, 475 wakambakisha. Waliomkataa hawakuswekwa ndani.

Dhana: Ukiziba midomo, manung'uniko huisha.

Novemba 1914, mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliliandikia barua gazeti la Nyasaland Times. Septemba Waafrika walikuwa wamekufa Karonga wakipigana na Wajerumani waliotokea upande wetu huku, Tanganyika. Akauliza: kwa nini tufe kwa vita visivyotuhusu? Waende matajiri, wenye mabenki na wenye mashamba, wakapigwe risasi wao. Serikali ikaizuia barua.

Januari 1915 hakuandika nyingine. Watu wake walivamia shamba la Magomero usiku, wakamuua meneja. Februari 3 Chilembwe mwenyewe akauawa kwa risasi. Sisemi kwamba barua ingechapishwa damu isingemwagika; uchungu wa kutumikishwa mashambani ulikuwa wa siku nyingi. Lakini onyo lilikuwa mezani kwa wakubwa, tena limeandikwa kwa wino.

Dhana: Kukosoa vitani ni sawa na kuzusha kelele za "moto!" ukumbini.

Mfano huo ni wa Jaji Oliver Wendell Holmes wa Marekani, katika kesi ya 1919. Aliyehukumiwa, Charles Schenck, hakuzusha moto wowote: alisambaza vipeperushi vya kupinga watu kulazimishwa jeshini.

Dhana: Vita vikiisha, vizuizi navyo huisha.

Sheria ya Ujasusi ya Marekani ya 1917 ipo mpaka leo. Eugene Debs, mwanasiasa wa kisoshalisti, alihukumiwa miaka 10 chini yake kwa hotuba moja ya kupinga vita aliyoitoa Canton, Ohio. Bunduki zilinyamaza Novemba 1918. Yeye akaingia gerezani Aprili 1919. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa mfungwa, akapata kura zaidi ya 900,000. Aliachiwa Krismasi ya 1921.