Je, wajua kwa nini Kibosho ni Wakatoliki na Machame ni Walutheri?

Swali hili nimeulizwa na binti wa kidato cha pili hapa Moshi, kipindi cha mwisho, darasa zima likisikilizia kengele. Nilikuwa nimejaza ubao kwa sababu za kuja kwa wamisionari, zile zile za kukariri: kueneza dini, kukomesha biashara ya watumwa, kuwafungulia njia wakoloni. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa bibi yangu Machame karibu wote ni Walutheri. Kwa babu Kibosho ni Wakatoliki. Katikati ni Mto Weruweru tu. Dini ilishindwa kuvuka mto?"

Darasa lilicheka. Mimi nilifuta ubao, maana sababu zote nilizoandika zilimhusu mgeni. Mwenyeji hakuwemo hata mmoja, na jibu la binti yule liko kwa mwenyeji.

Uchagani, nchi ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ya miaka ya 1890 haikuwa nchi moja. Kila mgongo wa mlima, kati ya korongo na korongo, ulikuwa na Mangi wake, yaani mtawala, askari wake na ng'ombe wake, na ng'ombe hao mara nyingi walikuwa wametekwa kwa jirani. Sina wa Kibosho na watawala wa Machame walikuwa mahasimu wa siku nyingi. Kwa Mangi, Mzungu aliyekuja kuomba kiwanja hakuwa mtu wa dini kwanza. Alikuwa mgeni mwenye vitambaa, dawa, ufundi, na ulimi wa kusemea kwa Wajerumani. Mgeni wa namna hiyo ukimpata humwachii wa ng'ambo.

Wakatoliki walianzia Kilema. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger walipanda mlimani. Mangi Fumba akawapa mahali pa kukaa. Kumbuka kwamba Kilema ilishamwona Mzungu zamani: Johannes Rebmann, Mlutheri aliyetumwa na chama cha Waanglikana, alifikia kwa Mangi Masaki Mei 1848, katika safari ile aliyoiona theluji ya Kilimanjaro na wasomi wa Ulaya wakambishia. Kama dini ingekuwa ya aliyetangulia, Kilema isingekuwa ya Wakatoliki.

Kwa Mangi Rindi, Old Moshi, Waanglikana walikuwapo tangu 1885. Mwaka 1892 Meli, mwana wa Rindi, akawashinda Wajerumani vitani na kamanda wao von Bülow akauawa. Wajerumani wakawanyooshea kidole wamisionari Waingereza kwamba wanamsaidia Meli, na Waanglikana wakafunga virago. Pengo hilo likazibwa na wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, nao wakaanzia Machame mwaka 1893. Mwaka huo huo mapadre wakafungua misheni Kibosho, kwa Sina.

Hapo ndipo mto ulipogeuka mpaka wa dini. Mahasimu wawili, kila mmoja na wamisionari wake. Kila misheni ikafungua shule, watoto wakasoma shule ya mgongo wao, na aliyesoma akabatizwa. Lakini tusimpambe Mangi kupita kiasi: Sina alikuwa ameshapigwa na jeshi la Wajerumani chini ya Wissmann mwaka 1891, kwa hiyo alichagua akiwa na jeraha. Hata hivyo alichagua, na vitabu vingi vya shule hupita hapo bila kusimama.

Tukifika kwenye kukutana kwa mila, darasa huamka. Wachagga walimwita Mungu Ruwa, na ruwa ni jua pia. Fikiria padre anayejifunza lugha kwa kunyooshea vitu kidole: ataandika nini daftarini, kwamba watu hawa wanamjua Mungu au wanaabudu jua? Au mate. Mzee wa Kichagga akikutemea mate anakubariki. Mzungu aliyetoka kulikojaa adabu za leso na glovu angeona ametukanwa. Mambo kama haya hayakumalizwa na mahubiri. Yalimalizwa kwa kukaa pamoja miaka, kila upande ukimcheka mwenzake pembeni.

Na kahawa! Arabika iliyopandwa Kilema katika miaka hiyo ya 1890 ni ya ukoo wa Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion, kule kule walikotoka mapadre wa kwanza waliofika Zanzibar mwaka 1860. Wachagga waliipanda kihambani, shamba la ukoo kuzunguka nyumba, chini ya migomba, wakainywesha kwa mifongo, mifereji ya maji iliyochimbwa kabla padre yeyote hajafika. Mwaka 1925 wakulima walikuwa na chama chao, na 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Mbegu ilikuwa ya mgeni. Kihamba, maji na hesabu vikawa vya wenyewe.

Ugumu wa kufundisha somo hili ni kwamba mapadre waliandika kila siku. Desturi ya shirika lao ilikuwa kila nyumba kuweka shajara: nani kaja, nani kabatizwa, mvua imenyesha kiasi gani. Fumba hakuacha shajara. Siku hizi natoa zoezi moja: andika ukurasa wa siku ile wageni walipofika Kilema, ila mwandishi awe Fumba. Wengi huanza na maneno ya hekima kuhusu imani. Binti wa Weruweru alianza hivi: "Leo wamekuja Wazungu watatu wakitaka shamba. Nimewauliza kama wameshapita kwa jirani."