"Tumeshasameheana, samansi ya nini?"

Juzi ameingia tena mtu ofisini, samansi (hati ya kumwita mahakamani) mkononi: "Wakili, mimi na yule kijana tumeshayamaliza nyumbani. Siendi." Nimechoka kuyasikia haya, kwa hiyo nayajibu kwa maandishi.

Hapa Tanzania kesi ya jinai si mali ya aliyepigwa wala aliyeibiwa. Anayeshtaki ni Jamhuri, kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka. Wewe ni shahidi. Msamaha wako ni jambo jema, ila haufuti kesi. Anayeweza kuiondoa ni upande wa mashtaka. Kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza mapatano. Basi nenda ukayaseme hayo kwa hakimu, siku uliyoitwa! Unyang'anyi wa kutumia silaha au ubakaji haumalizwi kwenye kikao cha ukoo, hata zikitolewa mbuzi ngapi.

Wengine hunijibu, "Nisipotokea itakufa yenyewe." Samansi ni amri ya mahakama. Ukiipuuza bila sababu ya msingi, hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na wewe uliyeumizwa ndiye utakayefuatwa na polisi. Hata kesi ikiondolewa kwa kukosa mashahidi, mshtakiwa aliyeachiwa kabla hajajitetea anaweza kushtakiwa upya. Linaloniuma zaidi ni mshtakiwa wa kosa lisilo na dhamana. Kila unapokosa kufika kesi inaahirishwa, naye anarudi rumande, na huenda hana hatia. Kama unaumwa au umefiwa, mpigie mwendesha mashtaka au karani kabla ya tarehe, na cheti cha daktari kifike.

"Sikuona kwa macho yangu." Daktari aliyejaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, naye hakuiona ngumi ikirushwa, lakini anaitwa.

"Kiingereza sikijui." Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, na hata kabla ya hapo mashahidi walikuwa wakijieleza kwa Kiswahili.

"Mke hamshuhudii mumewe." Akitaka, anaweza. Na kama mume ameshtakiwa kwa kumdhuru yeye au watoto, au kwa kosa la kujamiiana, mahakama inaweza kumlazimisha.

Usikariri maelezo uliyoandika polisi kama shairi la shuleni. Muombe mwendesha mashtaka akukumbushe ulichosema, kisha kizimbani eleza kwa maneno yako. Ukisahau jambo, sema umesahau, maana kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Na ukifika mapema, tafadhali kaa nje mpaka uitwe jina. Shahidi aliyekaa ndani akiwasikiliza wenzake, wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo kumhoji.