Umeme vitani: si kila nguzo ni shabaha halali

Dhana: Jeshi likitumia umeme wa gridi, gridi nzima inaruhusiwa kupigwa.

Hii ndiyo dhana potofu iliyoenea kuliko zote, na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, haitoi ruhusa ya jumla. Kila mtambo hupimwa peke yake: je, unachangia kweli shughuli za kijeshi? Je, kuuharibu wakati huo kunaleta faida ya kijeshi iliyo dhahiri? Kituo cha kupoza umeme kinacholisha kiwanda cha makombora kinaweza kuwa shabaha halali. Kinacholisha hospitali na nyumba za watu hakigeuki shabaha eti kwa kuwa nyaya zimeungana.

Na hata kikiwa shabaha, madhara kwa raia hayatakiwi kupita kiasi yakilinganishwa na faida inayotarajiwa. Umeme ukikatika, pampu za maji husimama na majitaka hayasafishwi. Iraq ilipopigwa mitambo yake mwaka 1991, maji salama yaliadimika na magonjwa ya kuhara yakaendelea kuua watoto baada ya mabomu kunyamaza. Kamanda anayajua hayo kabla ya kutoa amri, kwa hiyo lazima ayahesabu.

Dhana: Kuwaweka raia gizani ili waishinikize serikali yao ni mbinu ya kawaida ya vita.

Kuwavunja raia moyo si faida ya kijeshi. Shambulio ambalo lengo lake kuu ni kuwatia hofu limepigwa marufuku waziwazi.

Dhana: Adui akianza, nasi tuna haki.

Hapana. Itifaki inakataza kulipiza kisasi kwenye mali za kiraia.

Dhana: Hakuna mkubwa anayeguswa kwa makosa haya.

Mwaka 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilitoa hati za kuwakamata makamanda wa Urusi Sergei Kobylash na Viktor Sokolov, kisha Sergei Shoigu, aliyekuwa waziri wa ulinzi, na mkuu wa majeshi Valery Gerasimov. Wanatuhumiwa kwa mashambulizi dhidi ya mitambo ya umeme ya Ukraine kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2023. Majaji waliona kwamba hata pale mtambo ulipoweza kuhesabiwa kuwa wa kijeshi, madhara yaliyotarajiwa kwa raia yalizidi mno. Urusi inaikataa mahakama hiyo, lakini nchi wanachama, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, zina wajibu wa kuwakamata wakiingia kwao.