King'ora Kimoja, Hatari Mbili

Mwaka 2015 ulikuwa mchungu kwa vyuo vikuu vya Kenya. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, kabla hakujapambazuka, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko karibu na bweni katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliokurupuka usingizini walidhani yaliyotokea Garissa yamewafikia. Walikanyagana, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia, na hapakuwa na mshambuliaji hata mmoja. Kisha tarehe 30 Novemba, Chuo Kikuu cha Strathmore kikafanya zoezi la kukabiliana na shambulio. Milio ya risasi ikasikika, watu wasiojua kinachoendelea wakaruka madirishani na kwenye kuta za ghorofa. Zaidi ya 30 walijeruhiwa na mfanyakazi mmoja wa chuo akapoteza maisha.

Kazi yangu ni usalama na afya kazini, na nikipewa orodha ya hatari ya chuo chochote huwa naangalia kama taharuki imo. Mara nyingi utakuta moto, umeme, kemikali za maabara, mafuriko, wizi na ugaidi. Taharuki haimo, ingawa ndiyo iliyoumiza watu Kikuyu na Strathmore. Na haizuki tu yenyewe. Mtu amesikia kishindo, hajui maana yake, hana wa kumuuliza, na wenzake wote wanakimbia. Hapo hata profesa ataruka dirishani.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko huo ni king'ora. Majengo mengi ninayokagua yana king'ora kimoja, na ukimwuliza msimamizi kinalia lini, atakujibu: "Dharura yoyote." Sasa fikiria. Kukiwa na moto, unatakiwa utoke mara moja, usitumie lifti, uende mahali pa kukusanyikia. Kukiwa na mtu mwenye silaha na huna njia salama ya kutoroka, unatakiwa ujifungie ndani, uzime taa, uweke simu kimya na ukae mbali na mlango. Maagizo haya mawili yanapingana kabisa. Aliyezoezwa kukimbilia uwanjani akisikia king'ora atakimbilia huko huko hata kama hatari iko uwanjani.

Ninachoshauri ni king'ora kibaki cha moto peke yake. Mengine yote yatangazwe kwa maneno: vipaza sauti, SMS, hata kundi la WhatsApp la idara, mradi kuwe na watu wawili au watatu waliopewa mamlaka ya kutuma bila kusubiri kibali cha ofisi ya naibu chansela. Na maneno yenyewe yawe ya kawaida: "Kuna mtu mwenye bunduki karibu na maktaba. Walioko mbali watoke kwa lango la nyuma. Walioko karibu wajifungie." Misimbo ya siri ya rangi na namba naona haifai chuoni. Walinzi wataielewa, lakini mhadhiri wa kulipwa kwa saa, aliyefika jana, hataielewa.

Tatizo la pili, milango ya dharura, lilikuja na dawa ya ugaidi. Baada ya Garissa vyuo viliimarisha malango, vikaleta vigundua chuma, vikapunguza njia za kuingilia. Hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini uimarishaji huo ukafika mpaka milango ya dharura. Hali ninayoikuta mara kwa mara ni hii: mlango wa chuma chini ya ngazi za nyuma, juu yake kibao cha kijani cha kutokea, na katikati kofuli kubwa. Funguo anazo mtunza jengo. Mtunza jengo anaondoka saa kumi na moja jioni. Darasa la jioni linaanza saa kumi na moja na nusu, na ghorofa ya tatu ina watu mia mbili.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haina utata hapa: watu wakiwa ndani, mlango wa kutokea hauruhusiwi kufungwa kwa namna isiyowezesha kuufungua mara moja kutoka ndani. Na si lazima uchague kati ya mwizi na moto. Kuna makomeo ya kusukuma: aliye ndani anaegemea chuma tu mlango unafunguka, aliye nje hana pa kushika. Ukiogopa watu kuutumia kama njia ya mkato, weka kengele ndogo inayolia ukifunguliwa.

Zoezi la moto, kwa kanuni za Kenya, ni angalau mara moja kila miezi 12. Litangazwe. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba ukiwaambia watu hutajua wangefanya nini kweli. Naikataa. Lengo ni wajifunze njia kwa miguu yao, na mtu aliyetishwa hajifunzi kitu. Anza na wafanyakazi peke yao, jengo moja moja, kisha walete wanafunzi. Zoezi la shambulio lifanyieni mezani, ramani ikiwa mbele yenu: nani anapiga simu, nani anazuia magari getini, wenzetu wanaotumia viti vya magurudumu wanashukaje lifti ikizimwa, asiyesikia anaambiwa na nani. Milio ya risasi na watu waliofunika nyuso haiongezi chochote.

Mnapopanga, msiwasahau wasafishaji na walinzi walioajiriwa kupitia kampuni za nje. Saa kumi na mbili asubuhi ndio peke yao jengoni, na ndio ambao karibu kila mafunzo huwaacha kwa kisingizio kuwa si watu wetu. Mitungi ya kuzima moto nitaigusia tu: mtungi wa poda wa kilo 6 huisha kabla ya nusu dakika, kwa hiyo unafaa moto wa kapu la takataka. Moto ukishapanda pazia, funga mlango utoke.

Sheria hiyo hiyo inakutaka umjulishe msimamizi wako ukiona hatari kubwa inayokaribia kutokea, na mwajiri hawezi kukulazimisha urudi sehemu hiyo kabla hajairekebisha. Toa taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala. Isitoshe, kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Muulize mkuu wa idara mwakilishi wako ni nani. Akikuelekeza kwa mtu aliyestaafu, kama nilivyowahi kuelekezwa mimi, omba uchaguzi wa mwingine uwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, na swali la kofuli liwe la pili.