Somo wetu, si somo letu

Asubuhi ya Juni Mbeya haina mzaha. Kanisa zima limefunga makoti hadi kidevuni. Mtangazaji akashika kipaza sauti: "Leo tunasherehekea somo letu, Mtakatifu Antoni wa Padua." Mtoto nyuma yangu akamwuliza mama yake, "La kwanza au la pili?" Watu walicheka, ila mtoto alikuwa amesikia sawasawa.

Somo, kwa sisi Wakatoliki, ni mtakatifu ambaye wewe, jumuiya yenu au parokia yenu mmepewa jina lake. Basi. Kinachoniudhi ni ngeli. Somo la mimbarini, lile la Biblia linalosomwa kwenye Misa, ni kitu: somo hili, somo la kwanza. Somo wa jina ni mtu: somo huyu, somo wetu. Asha akikutana na Asha mwenzake sokoni humwita "somo", na hapo hakuna padri wala ubatizo. Ni udugu wa jina tu. Wapo wanaosema "somo yangu", kama "rafiki yangu". Hao sina ugomvi nao.

Tena somo si lazima awe ndiye msimamizi, yaani mtakatifu anayeombwa kwa haja fulani. Antoni huombwa na waliopoteza vitu, kwa kuwa husimuliwa kwamba novisi, mtawa mwanagenzi, alitoroka na kitabu cha zaburi cha Antoni, Antoni akasali, kitabu kikarudi. Yosefu akipoteza simu sokoni Mwanjelwa atamkimbilia Antoni, lakini somo wake anabaki Yosefu.

Na huyu Antoni mwenyewe alikuwa na somo! Alizaliwa Lisbon mwaka 1195, akabatizwa Fernando. Mwaka 1220 alijiunga na watawa Wafransisko huko Coimbra, kwenye nyumba ndogo yenye jina la Antoni Abate, yule mkaapweke wa Misri, akalichukua jina hilo. "Wa Padua" limekuja kwa sababu alifia karibu na mji huo, tarehe 13 Juni 1231. Mwaka haukuisha, Papa Gregori IX akamtangaza mtakatifu, 30 Mei 1232.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, mwakani tuseme "somo wetu", na kanisa kuu letu lenye jina lake litakushukuru. Nanyi akina Antoni mnaodai soda tarehe 17 Januari ya Abate na tena 13 Juni, waulizeni wazazi walimkusudia yupi.