Waranti ya kuongeza kwenye gari ya mtumba: kuchakaa sio kuharibika

Mimi ni fundi, na kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kukagua magari yanayodaiwa waranti, yaani mwenye gari anataka alipiwe, kampuni inataka ripoti, mimi ndo nafungua, naangalia, napiga picha, naandika. Kwa hiyo hii mikataba ya waranti ya kuongeza, yaani unalipa mapema ili gari ikiharibika kampuni ilipie matengenezo, naijua ile siku inapobanwa, sio siku inaposainiwa. Na kinachoniuma ni kwamba ugomvi mwingi ninaoukuta unatokana na neno moja tu, kuharibika.

Mikataba mingi inalipia kifaa kilichoharibika ghafla, kilikuwa kinafanya kazi na sasa kimekatika au kimegoma. Kilichochakaa hakilipwi. Sasa gari ya mtumba ni gari iliyokwisha anza kuchakaa, hapo ndo shida ilipo.

Nikupe mfano. Dada mmoja aliniletea gari ambayo ukiiwasha asubuhi inapiga kelele mbele ya injini, kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo, sekunde chache tu, ikishapata oili inanyamaza. Nikafungua kava ya mbele, nikakuta taiming cheni, ile inayozungusha kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake, imerefuka, na tensheni, kile kinachoikaza cheni, imetoka mpaka mwisho wake, haina tena pa kusukuma. Lakini cheni haijakatika, haijaruka hata jino moja, gari inatembea vizuri. Kwa mkataba wake huo ni uchakavu, hailipwi. Haya, akasema basi ataendesha hivyo hivyo mpaka ikatike, nikamfungulia kipengele kingine kwenye mkataba huo huo: ukijua gari ina tatizo ukaendelea kuendesha, hasara inayofuata ni yako. Cheni ikiruka, valvu zikagonga pistoni, injini imekufa na bado hulipwi. Amebanwa kotekote, na karatasi ilikuwa inasema hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna mikataba inayokubali uchakavu kama kifaa kimevuka kipimo cha mtengenezaji. Ukiipata ya namna hiyo ina thamani kuliko ile yenye orodha ndefu ya vifaa, ndo maana mtu akinitumia mkataba nimsomee naanza na ukurasa wa maana za maneno, halafu ukurasa wa visivyolipwa, bei naangalia mwisho.

Halafu jua umeuziwa aina gani. Kuna inayotaja vifaa vinavyolipwa, kisichotajwa hakimo, na kuna inayotaja visivyolipwa, vingine vyote vimo. Muuzaji zote mbili atakwambia zinalipia kila kitu. Ile ya kwanza ikiandika "injini" mara nyingi inamaanisha vyuma vya ndani vinavyopakwa oili, yaani pistoni, krenkshafti, kamshafti na vya aina hiyo, kumbe sili inayovuja, gasketi, sensa, kontrol boksi (kompyuta ya gari) haviko humo, na gari za sasa hivi ndo vitu vinavyozisumbua. Brekipedi, matairi, klachi na balbu usitegemee popote.

Kingine watu hawakifikirii kabisa ni gharama ya kufungua. Giaboksi ikigoma kampuni haikubali kwa maneno, inataka ifunguliwe ili ionekane nini kimekufa, na wewe ndo unasaini ruhusa. Ikikutwa ni kitu kinacholipwa, wanalipa na kazi ya kufungua. Ikikutwa sicho, giaboksi yako imelala mezani vipande vipande na bili ni ya kwako. Nilishafungua moja oili yake imekuwa nyeusi, inanuka kuungua, wakaomba risiti za kubadilisha oili. Yule bwana alikuwa anabadilisha mwenyewe nyumbani na mimi namuamini, ila hakuwa na hata risiti moja ya kununua oili wala filta. Wakakataa. Tafadhali tunza risiti, ziwe na tarehe, kilomita na aina ya oili, hata kama unafanya mwenyewe.

Na usiruhusu fundi aguse kitu kabla kampuni haijatoa kibali, ukitengeneza kwanza ukadai baadaye kwa mikataba mingi umeshapoteza.

Kiasi unachochangia mwenyewe uliza kinahesabiwaje, kwa kila safari ya gereji au kwa kila kifaa, maana vifaa vitatu kwa siku moja vinaweza kuwa michango mitatu. Uliza kikomo cha kila dai, malipo ya saa ya fundi wanayokubali, na nani hasa anabeba deni kama aliyekuuzia akifunga biashara. Kama gari unafanyia teksi au umeipandisha juu kuliko ilivyotoka kiwandani sema mapema, kwenye mikataba mingi hiyo peke yake inatosha kukataliwa.

Je, ununue? Mimi gari yenye injini ya kawaida na historia ya sevisi inayoeleweka nakwambia weka hiyo pesa pembeni. Ila gari ya turbo, au haibridi, au yenye shokomzoba za hewa, na wewe huna akiba ya kubeba tengenezo moja kubwa, hapo mkataba mzuri una maana. Lakini gari ikaguliwe kwanza na fundi asiye wa muuzaji, maana ubovu uliokuwepo kabla ya kusaini haulipwi, na ripoti yenye tarehe ndo ushahidi wako. Angalia pia kama waranti ya kiwandani bado ipo, usije ukalipia miezi ambayo tayari umelindwa, na wakiichomeka kwenye mkopo wa gari ujue unailipia riba.

Yule dada wa cheni tulibadilisha seti nzima kwa pesa yake mwenyewe, cheni, tensheni na reli zinazoiongoza cheni. Baadaye nikiwa namsomea karatasi tukakuta ukurasa wa mwisho kuna kipengele cha kufuta mkataba na kurudishiwa pesa ya muda uliobaki, hakuna aliyewahi kumwambia, akaandika barua siku hiyo hiyo.